Ndiyo, Mukubwa

Papa na mama wa shirika letu la sala, muniachie kwanza nigeuke kidogo, hivi, ili sikio langu la kuume liwatazame. La kushoto musihangaike nalo, lile lilifunga biro, ofisi yake, zamani. Muzee wetu wa shirika ameniomba niseme kwa kifupi. Nilimusikia vizuri, lakini kwa hilo nitajifanya sikusikia.

Munajua nilikuwa askari. Siku moja tulikuwa huko juu ya Rutshuru, katikati ya mashamba ya maharagi, bombe ikaanguka karibu na shimo letu. Wenzangu wawili walitoka damu, wakabebwa. Mimi nilipanguza udongo mudomoni nikasimama. Kichwani kulikuwa kelele kama sufuria inayochemka. Muuguzi alinitazama toka juu mpaka chini, hakuona damu, akapita, hakuandika kitu. Na mimi sikusema kitu, sababu nilifikiri kesho itaisha.

Haikuisha. Kelele ikapungua, lakini sauti za watu zikaenda nayo. Wakanirudisha nyumbani, mimi na bibi yangu na watoto tukatoka kambi ya jeshi ya Katindo tukaja kukaa hapa Keshero. Bibi yangu akaanza kusema na mimi kwa kupiga kelele, na majirani wakafikiri ananigombeza toka asubuhi mpaka jioni. Munacheka? Ninyi wenyewe mulikuja kutupatanisha mara mbili!

Ndugu zangu, nawaambia, mutu aliyekatwa muguu munamupisha njiani. Kiziwi munamuita mwenye majivuno. Nilikuwa na haya, haya mingi sana, nikamukataza bibi yangu asimuambie mutu. Nikajifundisha ujanja. Mutu akisema, natazama uso wake. Akicheka, nacheka. Akinyamaza na kunitazama, najua ameniuliza, basi najibu: ndiyo. Jeshini "ndiyo, mukubwa" haijawahi kumuletea mutu matata. Hata misa nilikuwa nafuata mugongo wa mutu wa mbele: akisimama nasimama, akipiga magoti napiga.

Basi wakaita askari walioumizwa waje kupimwa, wapewe karatasi ya kilema wa vita. Ile karatasi inakupa pensheni kidogo na matibabu. Lakini mimi nilitaka zaidi yale maneno yenyewe, kwamba mutu huyu aliumia kazini, hakutoroka. Dokta aliketi mbele yangu na dosiye, faili langu. Akauliza, akanitazama. Nikasema: ndiyo, mukubwa. Akauliza tena. Ndiyo, mukubwa. Nikatoka nikijisifu kwamba nimejibu vizuri.

Barua ikaja. Imeandikwa: ombi limekataliwa, muombaji anasikia, amejibu maswali yote bila shida. Kumbe aliniuliza, "Unasikia vizuri?" na mimi nikamuambia ndiyo! Chini waliandika kwamba nina mwezi mumoja wa kufanya rekuru, yaani kuomba hukumu itazamwe tena. Nikaiweka chini ya matela ya kitanda. Nilisema moyoni, bora kukosa kuliko kusimama mbele ya watu na kusema mimi ni kiziwi.

Sasa sikieni ubaya wangu. Kuna mama mumoja hapa kati yetu, jina lake silitaji. Mutoto wake alikuwa mugonjwa, na shirika lote tulikuwa tunamuombea. Asubuhi moja akaja mulangoni kwangu. Jua lilikuwa nyuma yake, uso wake sikuuona. Akasema kitu, akanyamaza. Nikajiambia, ah, mutoto ametoka hospitali. Nikainua mikono nikamuambia: "Mungu asifiwe, mama! Ndivyo tulivyokuwa tunaomba!"

Alikuwa amekuja kuniambia mutoto amekufa.

Nilijua habari mchana, bibi yangu aliporudi toka soko akilia. Ee Mungu wangu! Sikwenda kwenye kilio. Askari mzima, niliogopa kukutana na macho ya mama mumoja.

Baada ya maziko, yeye ndiye alikuja, na hasira yake. Nilikuwa nje nachambua maharagi, nimemupa mugongo. Aliniita mara tatu. Bibi yangu alikuwa anamutazama toka jikoni, akatoka, akasema: "Mama, hata ukiita mpaka kesho. Leo nimechoka kuficha masikio ya huyu muzee." Akaleta na barua toka chini ya matela. Yule mama anajua kusoma Kifransa. Akaisoma yote akisimama, akazunguka mbele yangu, akasema pole pole ili nione mudomo wake: "Hapa wameandika unasikia. Mimi najua hausikii. Tutaenda wote."

Tulibaki na siku nne za ule mwezi. Mutoto wa kaka yangu akaandika rekuru, tukaipeleka, na baada ya wiki nyingi wakaniita. Watu watatu nyuma ya meza. Mukubwa wao alikuwa anasoma akiinamia karatasi, mudomo wake hauonekani. Akamaliza, akainua macho, akanitazama. Ndugu zangu, ile "ndiyo" ilipanda yenyewe mpaka hapa, kooni. Nikaimeza. Nikasema: "Sikusikia, mukubwa."

Akarudilia. "Sikusikia." Akarudilia tena, nikaona mishipa ya shingo inasimama, nikajua anapiga kelele. "Sikusikia, mukubwa. Toka bombe ile sisikii." Nikaanza kulia kama mutoto, na sikuona haya tena.

Kisha yule mama akasimama. Alikuwa upande wangu wa kushoto, kwa hiyo sikupata hata neno moja. Niliona tu kwamba mukubwa ameweka kalamu chini, na mama aliyeketi naye nyuma ya meza anapanguza macho. Nikafikiri, labda yule mama wetu ananiombea huruma.

Uamuzi ulitoka: hukumu ya kwanza imefutwa, nimetambuliwa kilema wa vita. Ni nyumbani bibi yangu aliniandikia kwenye daftari ya watoto maneno ya yule mama. Nimeyashika kwa kichwa: "Nilimuambia mutoto wangu amekufa, akaniambia Mungu asifiwe. Ninamujua, si mutu mubaya. Mutu anayesikia hawezi kujibu vile." Alitoa kilio cha mutoto wake mwenyewe, akakiweka juu ya meza ya biro kama cheti changu.

Leo nina kifaa hiki sikioni. Kinapiga filimbi nikila, lakini ngoma ya misa naisikia. Bibi yangu bado anapiga kelele, anasema ni mazoea. Aksanti kwake, aliyekataa kuninyamazia. Aksanti kwenu, muliokuja kupatanisha ugomvi ambao haukuwapo. Na ninyi vijana, kama hamukusikia, museme hamukusikia. "Ndiyo" ya haya ilinifungia biro, na ilimuumiza mutu aliyekuwa tayari ameumia.

Nimebakiza neno moja, na siyo lenu wote. Mama, ile asubuhi ulisimama mulangoni kwangu ukaniambia mutoto amekufa, na sijakujibu mpaka leo. Sasa nimesikia. Pole, mama. Pole sana kwa mutoto wako.