Bi Kaki na Kitabu cha Usingizi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti, na mwenye kelele jikoni azipunguze kidogo. Leo tunamkumbuka mkutubi. Mkutubi wa maktaba ya mji, upande wa vitabu vya tiba. Alifariki wiki iliyopita kwa homa ya mapafu. Wengi hawakulijua jina lake. Walimwita Bi Kaki, na mwenyewe aliitika.

Kisa ni karatasi. Kila kitabu cha tiba kilichopita mikononi mwake alikivika jalada la karatasi ya kaki. Kisukari, kaki. Kifafa, kaki. Utasa, magonjwa ya ngozi, magonjwa ya usingizi, vyote kaki, na namba ndogo tu mgongoni. Alianza baada ya kumkuta mama mmoja amejibanza nyuma ya rafu, kitabu amekificha chini ya sweta, akiogopa kuonekana. "Mtu anayeumwa ana aibu ya kutosha," alisema Bi Kaki. "Sisi tusimwongezee." Basi ukifika kaunta na kitabu chako, aliye nyuma yako hajui kama unaumwa kichwa au unaumwa pengine. Na wanaume, jamani! Walikuja wakinong'ona, "Namtafutia rafiki yangu." Bi Kaki anatoa kitabu bila kuinua macho: "Mpe pole huyo rafiki."

Watu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Hilo liwekeni moyoni, tutalirudia.

Bi Kaki aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Wawili tu. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani na meza ya kukatia vitambaa, cha nyuma vitanda viwili. Tangu ujana Bi Kaki alikuwa na usingizi wa ajabu. Si wa usiku, wasikilizaji. Wa mchana kweupe. Anakula, kijiko kinamponyoka. Anaongea nawe, maneno yanakatikia njiani. Nyumbani waliuita uvivu. Dada alimmwagia maji usoni, alimgongea sufuria sikioni. "Nilijua anapenda starehe tu," dada ametuambia.

Kisha mama yao akaugua. Ugonjwa mrefu, wa kitandani. Mabinti wakapeana zamu. Mchana mmoja dada alitoka kumpelekea mteja gauni lake. Bi Kaki akabaki na mama. Dada aliporudi alimkuta mama ameshakata roho, na mdogo wake amelaza kichwa pembeni ya godoro, anakoroma. Dada alisema neno moja: "Umelala, mama anakufa." Hakulisema tena maisha yake yote. Halikuhitaji kusemwa tena. Lilikuwa linakaa nao mezani kila siku.

Miaka ikapita. Siku moja maktaba ikapokea katoni ya vitabu vya tiba. Bi Kaki alikuwa na desturi ya kusoma kabla ya kuvika jalada. Akafungua kimoja, cha magonjwa ya usingizi. Kukosa usingizi, akapita. Kukatika pumzi usingizini, akapita. Kutembea usingizini, akapita. Halafu akasimama. Palieleza ugonjwa wa usingizi unaomvamia mtu mchana, apende asipende. Na mtu huyo akicheka sana, magoti yanalegea, anaanguka chini na akili zake timamu. Loo! Ndiyo maana Bi Kaki alikuwa ameacha kucheka. Aliogopa kuanguka. Jirani akianza vichekesho, yeye huinuka akaondoka. Dada akadhani ananuniwa, naye akanuna.

Mwenzake wa kaunta anaikumbuka siku hiyo. "Alinishika mkono akasema, 'Kumbe ni ugonjwa! Kumbe sikumwacha mama makusudi!' Alilia mpaka nikafunga mlango." Wakaenda pamoja kwa daktari. Daktari akathibitisha. Mwenzake akamwambia, haya, nenda kamwambie dada yako.

"Nikimwambia kwa mdomo atasema natafuta kisingizio," Bi Kaki akajibu. "Acha kitabu kimwambie."

Akakiazima. Akakipeleka nyumbani, akakiweka katikati ya meza ya dada, pale pale panapokatiwa vitambaa. Hakusema kitu. Akasubiri.

Sasa sikilizeni vizuri, wapendwa. Kitabu kilikuwa na jalada la kaki. Mwenzake alimwambia alitoe. Hakulitoa. Aibu ile aliyowakinga nayo wengine, na yeye alikuwa nayo.

Kila jioni akirudi alikuta kitabu kimehama. Leo kiko juu ya kitambaa, kesho kiko kitini, keshokutwa karibu na pasi. Akafurahi. "Anakisoma," alimwambia mwenzake. Muda wa kuazima ukiisha, anauongeza. Lakini dada hakusema kitu. Wiki zikawa miezi. Miezi ikawa miaka. Furaha ikamtoka. Siku moja alisema, akiwa anakunja karatasi: "Amekisoma chote. Anajua. Na bado hajanisamehe." Toka siku hiyo hakulizungumza tena. Akaendelea kuvika vitabu vya watu.

Baada ya mazishi, dada alikwenda maktaba na kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. "Hiki ni cha kazini kwa marehemu," alisema. "Nimekuja kukirudisha."

Mwenzake akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ulikionaje?"

"Nikione vipi? Nilikuwa nakandamizia vitambaa visiteleze nikikata. Kizito, kilinifaa sana."

Mwenzake wa kaunta alikipokea. Alichukua mkasi, akakata karatasi ya kaki, akaivuta. Fundi akalisoma jina la kitabu. Kisha akaelezwa yote: daktari, magoti, kicheko, na miaka ya kusubiri. Akakaa chini sakafuni, katikati ya watu. Alipoweza kusimama aliulizwa kama bado anakirudisha. Akasema, "Hapana. Ndiyo kwanza nakianza."

Tunawapa pole wasomaji wa rafu ile, na mwenzake wa kaunta. Pole kubwa kuliko zote ni yako, fundi. Sisi wengine tutazame leo nyumbani kwetu. Tumtazame yule tunayemwita mvivu. Tutazame na kitu kilichokaa mezani siku nyingi, ambacho hatujawahi kuuliza kimefika pale kwa nini.

Fundi ametuomba maneno ya mwisho yawe yake. Bi Kaki alikuwa akikisikiliza kipindi hiki pale chumba cha mbele, naye dada ameona hapa ndipo pa kumsemeshea. Amesema hivi: "Mdogo wangu, sikukisoma. Umekufa ukidhani nimekisoma na nimekunyamazia. Sikukisoma kabisa. Wala sikujua kama ni cha kwangu."