Baba Selina Acheke Kwanza

Ko-lo-lo! Kikombe cha bati kilimponyoka mzee gizani alfajiri, na ndicho kilichomfanya mkewe amburute hadi kwenye kivuko cha kutoka Kamanga, wakaketi kiti cha mbele yangu.

“Kiliteleza tu, Mama Selina. Turudi nyumbani.”

“Kiliteleza, au mkono ulilegea? Kanisani tulifundishwa dalili za kiharusi: uso, mikono, maneno. Haya, cheka nione kama mdomo umepinda.”

“Nicheke nini?”

“Ndiyo shida! Tangu unioe hujacheka. Huo mdomo nitaulinganisha na upi?” Niliuma ncha ya kitenge nisiangue kicheko. “Basi inua mikono.”

Akainua yote miwili. Mwanangu Faith naye akainua yake, akidhani ni pambio. Mzee alipogeuka akamwona, uso ukafunguka wote, kushoto na kulia, mapengo nje.

“Umeona? Mzima!”

“Uzima atausema daktari. Mwalimu wa kanisani alisema hata dalili ikipotea, hospitali tunakwenda.”

“Kumbe nimecheka bure?”

“Kamchekee na daktari!”

Kivuko kikagusa gati la mjini, nao bado wanabishana. Faith akamshika mzee kidole.

“Babu, cheka tena,” akasema.