Mwokaji Aliyekula Mikate Iliyoungua: Maisha ya Sidhom Megali Fanus, 1949–2023

Marehemu Sidhom Megali Fanus alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa kijijini Nazlat Rizq, kusini mwa mji wa Mallawi, katika nyumba ileile ambayo jeneza lake limetoka asubuhi hii. Wazazi wake walikuwa Megali Fanus, mkata miwa, na Hilana, ambaye wazee waliopo hapa wanamkumbuka kwa sauti yake. Baadaye akazaliwa Abadir, mdogo wake, ambaye leo ni shemasi wetu. Ndugu hawa wawili walilala mkeka mmoja mpaka Sidhom alipokwenda jeshini. Mama yao alikuwa akiwaambia majirani kwamba hajapata kuona watoto wengine wanaogombana hata usingizini.

Sidhom alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1956 na kuishia darasa la nne mwaka 1960, kwa kuwa baba alihitaji mikono shambani. Kusoma kulimpa taabu mpaka uzeeni. Lakini kwa mwalimu Gabra, yule kipofu aliyefundisha nyimbo za kanisa, hakukuwa na haja ya kusoma. Walikaa kwenye mkeka, wakasikiliza, wakarudia. Huko Sidhom alihifadhi Zaburi zote. Abadir alizihifadhi mapema kuliko yeye ingawa ni mdogo, na hakuacha kumkumbusha jambo hilo kwa miaka sitini.

Mwaka 1969 alichukuliwa jeshini, akawekwa jikoni Ismailia, na huko akajifunza tanuri. Aliporudi mwaka 1974 alikuwa mkimya, akipenda kukaa mahali penye harufu ya unga. Abuna Mityas, ambaye wakati huo alikuwa kasisi kijana aliyewekewa mikono juzijuzi, akampa chumba cha mkate cha kanisa, kile tunachokiita Bethlehemu. Hapo alifanya kazi kuanzia Januari 1975 mpaka Agosti mwaka huu.

Wengi mmekula mkate wake bila kumwona akiuoka. Aliingia akiwa amefunga, hajatia hata maji mdomoni. Alikanda huku akisema Zaburi kwa sauti ya chini, akagawa madonge, akapiga muhuri wa misalaba, akatoboa matundu matano, akaupa moto. Mizuri aliipanga kikapuni, ili kasisi achague mmoja tu wa kuwa Mwanakondoo, mkate wa ushirika, madhabahuni na mingine wagawiwe watu wakitoka. Uliopasuka, uliopinda au ulioungua hauingii kikapuni. Hiyo Sidhom hakuitupa hata siku moja wala hakuwapa kuku. Aliikunja kwenye kanzu yake, akaenda nayo nyumbani, akaila na ful, maharage ya kuchemsha. Watoto wake wamekua wakidhani mkate wa kanisa ni mweusi upande mmoja.

Tarehe 12 Septemba 1976, siku moja baada ya mwaka mpya wetu, alifunga ndoa na Balsam Zakher wa Samalut. Sidhom alipotumwa kumwona bi harusi kwa mara ya kwanza alipeleka mkate badala ya peremende, na mama mkwe, kwa kuwa kwetu mkate hugawiwa misibani, akauliza kama huyu mwanamume ametoka msibani. Balsam peke yake ndiye aliyeumega na kula. Walijaliwa Irini mwaka 1977 na Karas mwaka 1980. Tarehe 2 Juni 1983 wakampata Dimyana.

Habari za Dimyana familia imezijadili sana, zisemwe au zisisemwe leo. Marehemu mwenyewe alitaka zisemwe. Kwetu mtoto wa kiume hubatizwa akitimiza siku arubaini, wa kike themanini, na mama yake naye haingii kanisani mpaka siku hizo ziishe. Agosti ile, wakati wa mfungo wa Bikira, Dimyana alishikwa na homa na kuharisha. Ndugu wakubwa wakasema zimebaki siku chache, tusiharakishe mambo, sherehe imeshaandaliwa. Hakuna aliyekwenda kumwita Abuna. Mtoto akafariki tarehe 15, hajabatizwa. Abuna Mityas alipoambiwa alishika kichwa. Alisema kwa mtoto mgonjwa hakuna siku za kungoja, angekuja saa ileile na beseni.

Siku ya tatu, Abuna alipokuja nyumbani kuombea, Abadir alikuwa naye. Alikuwa kijana, na ushemasi ulikuwa mpya kwake kama kiatu. Mtu mmoja akauliza mtoto yuko wapi sasa. Abadir akajibu kabla Abuna hajafungua mdomo, kwamba asiyezaliwa kwa maji haingii katika ufalme wa Mungu. Balsam alikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Kuanzia siku hiyo hakukaribia tanuri. Akiona moto hata wa kibiriti aligeuza uso, na mumewe ndiye aliyepika nyumbani kwa miezi mingi, jambo lililochekesha kijiji kizima.

Sidhom alikwenda kwa Abuna. Abuna akamwambia kanisa halijasema mtoto huyo anaungua, kwamba tumemwachia Mungu na mikononi mwake hapotei mtu. Hilo lingetosha kwa mwingine. Sidhom halikumtosha. Alikanda na kufikiri, akafikia kusema kwamba moto upo, ila si wa milele, si kwa Dimyana wala kwa mtu yeyote. Abuna hakukubaliana naye. Alimjibu, "Sidhom, hayo usiwahubirie watu. Wewe kanda unga." Sidhom akakanda. Lakini kila jioni alimwambia mkewe maneno yaleyale, mpaka Balsam akaanza tena kuwasha jiko mwenyewe.

Ndugu hawa walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka arubaini, mara nyingi kwenye benchi la Haji Mahrus muuza unga. Haji naye aliwaambia, "Mkipatana mniite, maana na mimi nimo kwenye moto wa Abadir, nataka kujua nivae nini." Walicheka wote. Abadir aliamini kwa moyo mweupe kwamba anayeficha habari za jehanamu ni kama anayeona nyumba inaungua akanyamaza. Hakumchukia kaka yake. Alimwogopea.

Kwaresima ya mwaka 2022 kicheko kikaisha. Abadir aliwafundisha watoto wa darasa la Ijumaa habari za moto, akawachorea. Yustina, mtoto wa Irini, akaacha kulala. Mama yake aliona mtoto hasali tena, anakaa tu kitandani anataja makosa yake kwa vidole, na akisikia mama amenyamaza anakuja kumgusa aone kama bado anapumua. Babu alipoelezwa alitoka chumba cha mkate na unga mikononi, akaingia darasani.

"Abadir, umewaambia nini hawa?"

"Yaliyoandikwa, kaka."

"Kwamba hauzimiki?"

"Hauzimiki. Ulitaka niwaambie ni wa kuota wakati wa baridi?"

Watoto wakacheka. Sidhom hakucheka. "Mimi nimekaa mbele ya moto tangu hujaota ndevu. Hakuna mwokaji anayewasha tanuri ili aunguze mkate."

"Na ukiungua? Madhabahuni unaupeleka?"

"Siupeleki."

"Haya, mkate huo unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwangu. Naula."

"Hiyo ni njaa yako, kaka. Siyo mafundisho ya kanisa."

Wazazi walikuwa wameshajaa mlangoni. Abadir akasema mbele yao wote kwamba kaka yake akifa bila kuikiri jehanamu ya milele, yeye hatasimama kwenye jeneza lake. "Siwezi kukuimbia raha ambayo siamini umeipata," alisema. Tangu siku hiyo hakutia mguu Bethlehemu. Kikapu alikipokea mlangoni, na salamu yao ikawa ya kichwa tu.

Wanaouliza kama marehemu aliumia waambiwe kweli: aliumia. Kila alipofunga mlango wa tanuri alikuwa akitazama kule uani Abadir anakopita.

Ugonjwa wa ini ulijulikana Februari mwaka huu. Alitibiwa Minya, kisha Asyut, na familia inawashukuru madaktari na wote waliotoa damu, akiwemo mtoto wa Haji Mahrus. Mwezi Oktoba madaktari walisema arudi nyumbani. Alirudi akiwa mtulivu, akiagiza hamira isiachwe ikafa.

Jumapili iliyopita Abadir alikuja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika mkono wa kaka yake, ule wenye msalaba wa chale. Balsam na Irini walikuwepo.

"Kaka, sema tu kwamba moto upo."

"Upo. Nani kakataa? Ninachokataa ni kwamba Mungu anaacha mkate ndani, anakwenda kulala."

"Sema ni wa milele. Neno moja, kaka."

"Siwezi, Abadir."

"Sasa nitakuombea vipi?"

"Kwa sauti. Masikio yangu siku hizi mabovu."

Abadir alicheka, halafu akalia, akatoka bila kunywa chai. Alipokwenda, Balsam akainama akamuuliza mumewe, "Baba Irini, una hakika? Usinidanganye sasa." Akajibu, "Hakika ninayo kwa Mungu, Mama Irini. Hayo mengine mwulize Abadir, amesoma." Kisha akaomba maji. Jumatano Abuna Mityas alimpa ushirika, wala hakumwuliza swali lolote juu ya moto. Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, Sidhom akafariki nyumbani, mkewe akiwa amemshika mguu kwa sababu ulikuwa baridi.

Ameacha mjane, Balsam, watoto wawili, Irini na Karas aliyefika jana kutoka Kuwait, wajukuu watano, na mdogo wake, Abadir. Dimyana amemtangulia.

Karatasi mlizo nazo zinaishia hapa. Yanayofuata yameongezwa kwa mkono leo asubuhi.

Misa ya leo ilihitaji mkate, na mkate wa jana haufai. Abuna alikuwa ameagiza uletwe kutoka kijiji cha jirani. Lakini wanawake waliokwenda kufagia kanisa walikuta moshi unatoka Bethlehemu na mtu ndani anasema Zaburi kwa sauti kubwa, kubwa mno, kama anayemsomea kiziwi. Alikuwa Abadir. Alikanda kwa kukumbuka alivyokuwa akimwona kaka yake akikanda. Mikate ya kwanza yote iliungua. Ya pili ilitoka michache mizuri, ikatosha kikapu, na mmojawapo ndio uliokuwa madhabahuni leo.

Misa ilipokwisha alikuja nyumbani kabla jeneza halijatoka. Kanzu yake ilikuwa imekunjwa mbele, imejaa. Akasimama mbele ya Balsam.

"Shemeji, nimeunguza mingi."

"Umeileta?"

"Nimeileta. Sijasema kwamba kaka alikuwa sahihi."

"Sijakuuliza hilo," Balsam alisema. "Kaa chini. Lete hapa."

Akakaa. Mikate ilikuwa myeusi pande zote mbili. Waliimega wawili hao, wakala, na Yustina akaja akapewa, akasema ni kama ya babu. Halafu jeneza likaletwa hapa kanisani, na Abadir akasimama kwenye jeneza, pale mnapomwona sasa, na ndiye atakayetuimbia.

Sidhom Megali Fanus apumzike kwa amani, na mlango usifungwe nyuma yake.