Ngāwaina Hēmara, Mlinzi wa Tuatara wa Tokamāhuta (1938–2018)

Marehemu mama yetu, Ngāwaina Mere Hēmara, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1938 hapa Ōmātai, mtoto wa tatu wa Wharepapa Tūtaki na mkewe Mereana. Alilelewa zaidi na bibi yake, Kararaina, na kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, bibi huyo alimchukua kwenda kisiwani Tokamāhuta kutoa makinda ya ndege wa baharini mashimoni kwa ajili ya chakula.

Huko ndiko alikokutana na tuatara wa kwanza, mnyama anayefanana na mjusi mkubwa, akiwa na miaka saba. Alitia mkono shimoni akitafuta kinda, kitu kikamng'ata kidole na kukataa kuachia. Alipiga kelele mpaka watu wakamkimbilia.

"Usimvute!" bibi alimkemea. "Umeingia kwake bila hodi. Tulia, atakuachia akichoka."

Mnyama hakuchoka upesi. Watu walikula viazi vitamu na samaki wa kukausha, wakamaliza, na Ngāwaina bado amelala kifudifudi mkono uko shimoni. Kaka yake Tiopira akawa anamlisha kama kinda.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1944 hadi 1952. Siku moja katika mwaka wa mwisho, mwalimu aliandika ubaoni kwamba tuatara ni aina ya mjusi. Ngāwaina akanyoosha mkono.

"Si mjusi, mwalimu. Meno yake ya juu yana safu mbili, na ya chini yanaingia katikati. Mjusi hana hivyo."

"Nani kakufundisha?"

"Alinifundisha mwenyewe," akasema, akaonyesha kidole kilichong'atwa.

Darasa lilicheka, naye akaamriwa kukaa chini. Wiki iliyofuata mwalimu alikuja na kitabu kikubwa, akawaambia watoto kwamba Ngāwaina alisema kweli: ndugu wote wa mnyama huyu walikwisha duniani zamani mno, akabaki peke yake. Mama yetu alituambia kwamba siku hiyo hakufurahi kama alivyotarajia. Alimwonea huruma mnyama aliyebaki bila ndugu. Mwaka uleule mama yake aliugua, naye akaacha shule ili amtunze.

Tarehe 17 Januari 1959 alifunga ndoa na Kereopa Hēmara, mvuvi wa kamba. Mungu aliwajalia watoto watatu. Kwa miaka kumi na sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na kuanzia 1972 wazee walimkabidhi ulinzi wa kisiwa. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Alikuwa na daftari, tochi na viatu vya mpira vya mumewe, na aliwajua wanyama wale mmoja mmoja.

Mwaka 1984 alirudi kutoka kisiwani na habari mbaya. Alikuwa ameona kinyesi cha panya, na alipopitia daftari lake aligundua kwamba hajaona tuatara mchanga kwa misimu mitatu. Yai la tuatara hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi kabla ya kuanguliwa, na jike hutaga mara moja tu katika miaka kadhaa. Panya akifika, hula mayai na watoto upesi kuliko wanavyozaliwa.

Mkutano uliitwa maraeni, uwanja wetu wa mikutano. Wengi walizilaumu meli za kigeni zilizojikinga na dhoruba kwenye ghuba. Mama akasimama.

"Msitafute mbali. Miaka mitatu iliyopita nilikuta gunia la viazi limetafunwa na panya ndani ya mashua yetu, tukiwa tumeifunga kule kisiwani. Nikalitupa baharini, nikanyamaza. Niliona aibu."

Baba alikuwa hajui. Alivua kofia, akasimama kando ya mkewe. "Mashua ni yangu," akasema.

Kisha mama akaomba jambo zito zaidi: tuatara wote waliobaki, kumi na wanne, wakabidhiwe watu wa serikali wa wanyamapori mjini, mayai yaanguliwe kwa mashine, na kisiwa kitegwe sumu ya panya. Mjomba Tiopira aliruka. Ametupa ruhusa tuyasome maneno yake kama alivyoyasema.

"Walichukua ardhi ya babu, wakasema watairudisha. Umeiona?"

"Sijaiona, kaka."

"Kwanza umeleta panya, sasa unagawa tuatara wenyewe!"

"Ndiyo maana nitakwenda nao. Nitawafuatilia mpaka warudi."

Wazee walikubali kwa shingo upande. Mjomba alitoka nje, na hakusema na dada yake kwa miaka kumi na mitatu.

Mama alipanga chumba mjini miezi kumi na minne. Rongo, mdogo wetu, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alijifunza kupika kutokana na barua za mama. Kila asubuhi mama alifungua chumba cha mayai pamoja na Judith Penrose, ofisa aliyekuja kuwa rafiki yake mpaka mwisho. Aliporudi nyumbani aliendelea kwenda mjini kila mwezi. Makosa yalikuwepo. Mashine ya mwanzo iliwekewa joto la kupita kiasi, na watoto walipokua ikaonekana karibu wote ni madume, kwani kwa tuatara joto la yai ndilo huamua dume au jike.

"Judith," mama alisema, "umenitengenezea kijiji cha makapera!"

Walipunguza joto, wakaanza upya.

Tarehe 25 Oktoba 1997, kisiwa kikiwa kimethibitishwa hakina panya, boti iliyobeba masanduku ilitia nanga Tokamāhuta. Mjomba alikuwa amesimama ufukweni, hakuna aliyemwita.

"Wangapi?" akauliza.

"Hamsini na wawili."

"Ulikwenda na kumi na wanne."

"Ndiyo."

Akanyoosha mikono. "Basi nipe sanduku moja nibebe, dada. Mlima ni mkali."

Baba alifariki mwaka 2009. Mama alianza kuugua figo mwaka 2015, na kuanzia 2017 hakuweza tena kupanda boti. Tarehe 18 Novemba mwaka huu mjukuu wake Aniwa alitoka kisiwani moja kwa moja hadi hospitalini, matope miguuni. Alikuwa ameinua jiwe na kukuta tuatara mdogo, urefu wa kidole, aliyeanguliwa palepale ardhini, si kwenye mashine. Ni wa kwanza tangu panya waingie kisiwani.

Mama alifumba macho, tukadhani amelala.

"Jiwe mmelirudisha?"

"Tumelirudisha, bibi."

"Vizuri. Sasa mwacheni."

Alituaga alfajiri ya tarehe 21 Novemba 2018, akiwa na miaka themanini.

Ameacha kaka mmoja, Tiopira. Watoto watatu, Hinewai, Matiu na Rongo. Wajukuu wanane na kitukuu mmoja.

Alale kwa utulivu kando ya Kereopa.