Nafasi ya Msindikizaji

Benchi letu liko katikati ya saluni ya Kinyozi na karakana ya Hakimu, fundi wa kuchomelea mageti tuliyempa jina hilo kwa kupenda kukata kesi zisizomhusu. Asubuhi ile walikuwepo wao wawili, mimi, Mama Kahawa na birika lake, na Redio, fundi redio. Zamani Redio akianza kubishana na Kinyozi, kahawa ilikuwa inapoa mikononi mwetu. Sasa saratani ya koo imemkata sauti, anaandika kwenye kidaftari. Shirika moja la hisani lilikuwa limekubali kumlipia safari ya kwenda kwenye hospitali yenye mashine ya mionzi: wiki saba, tiketi za ndege na malazi, yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza.

— Bure kabisa? akauliza Hakimu.

— Bure, nikasema. Barua nimeisoma mwenyewe.

— Siku hizi hata njiti ya kiberiti hupewi bure. Hao wanataka figo.

Redio akaandika, nikawasomea: "Figo zangu hata mimi sizitaki."

— Si figo, akasema Kinyozi. Ndege ikiwa nyepesi inayumba. Wanapakia wagonjwa ili ipate uzito.

— Huyu amebaki kilo arobaini na nane. Ataongeza uzito gani?

— Ndiyo maana wanataka na msindikizaji.

Hapo mzaha ukaisha, maana msindikizaji ndiye aliyekuwa hajapatikana. Mke wa Redio alishafariki, na binti yake amejifungua juzi tu. Shirika lilishasema wazi: akikosa mtu wa kwenda naye, nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Na jibu lilitakiwa siku hiyohiyo.

— Aende Hakimu, akasema Mama Kahawa.

— Nina mageti ya watu mawili pale. Nenda wewe.

— Wiki saba na mwanamume asiye mume wangu? Baba watoto utamweleza wewe?

Wakanigeukia. Nikawakumbusha presha yangu. Redio alikuwa anatazama chini, kidaftari amekifunga.

— Basi wewe Kinyozi, akasema Hakimu.

— Mimi na huyu hatuelewani, kila mtu anajua. Miaka kumi na tisa hatujawahi kukubaliana jambo.

Akapuliza kahawa yake, akanywa.

— Ufunguo wa saluni nimeshamwachia dada yangu tangu jana, akasema.

— Mbona hukutuambia?

— Mngeanza kubisha.

Hatujamaliza kutazamana, akafika dada wa shirika na faili kwapani. Akatusalimia, akaketi pembeni ya Redio, akafungua fomu.

— Msindikizaji ni nani?

— Mimi, akasema Kinyozi.

— Una uhusiano gani na mgonjwa?

Kinyozi akamtazama Redio.

— Ni ndugu yako? Shemeji? Mkwe?

— Hapana.

— Jirani?

— Anakaa mtaa wa pili.

— Basi rafiki.

Kinyozi akafikiri kwa makini, kama mtu aliyeapishwa.

— Sidhani.

Dada akatugeukia sisi wengine. Hakimu, mwenye hukumu ya kila jambo, akainama kufunga kamba ya kiatu. Mama Kahawa akaanza kufuta vikombe visafi. Mimi nami nikageukia kahawa yangu.

Redio akaichukua kalamu mkononi mwa dada, akaivuta fomu, akaandika mwenyewe. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Mbishi wangu."

Dada akasoma, akasoma tena, akagonga muhuri.

— Gari litawapitia kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kuna swali?

— Mashine ya kunyolea inaruhusiwa kwenye ndege? akauliza Kinyozi.

— Ya nini?

— Nimeulizia. Wakimchoma mionzi ya koo, ndevu zitadondoka mabakamabaka. Siwezi kutembea na mtu wa hivyo wiki saba.