Bi Mwanalima Athman, Aliyetuvusha Bila Kadi

Ndugu na majirani mliofika kwenye hitima hii, mimi ni Anwari, kitinda mimba wa Bi Mwanalima Athman, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Alizaliwa Chula, kisiwa cha Wabajuni karibu na Kismayo, Somalia, tarehe 14 Machi 1956, binti wa fundi wa mashua, akahitimu Qurani kisiwani, akasoma Kismayo hadi sekondari, na mwaka 1976 akaajiriwa karani wa benki huko huko, ambako wateja walimpenda kwa kuwa aliwajua wote kwa majina. Aliolewa na marehemu baba yetu, Idarus Fakihi, tarehe 2 Juni 1978, wakajaaliwa Mzamil, Zakiya na mimi.

Mwaka 1991 vita vilifika Kismayo, benki ikaporwa, nasi tukakimbilia kambini Mombasa, na kambi ilipofungwa Zakiya na mumewe walirudi Chula, Mzamil akapata hifadhi London, mama akabaki Mombasa akishona nguo. Mzamil alimpa kadi ya benki ya huko, mama akawa anatoa mashineni pesa alizotuma Mzamil na kuwapa wasafiri wa visiwani wamfikishie Zakiya, na familia nyingi za Kibajuni ziliishi hivyo hivyo.

Alhamisi, tarehe 8 Oktoba 2009, kampuni ya kigeni iliyoendesha kadi hizo ilizifunga zote, ikisema inaogopa pesa zinazokwenda Somalia, na siku hiyo Zakiya alikuwa kwenye uchungu wa siku ya pili, mkunga akisema lazima akapasuliwe Kismayo, na nahodha wa mashua hana mafuta. Mama hakukaa kulia, alimpigia simu Fahad, mwenye duka Chula, akamwambia, "Mwanangu, mpe Zakiya mafuta na pesa ya hospitali, nami nitamlipa kakako hapa Mombasa." Fahad akauliza, "Kwa dhamana gani, Bi Mwanalima?" Akajibu, "Cherehani yangu iko kichwani kwa mpagazi, yaenda dukani kwa kakako." Fahad akatoa, Zakiya akafikishwa Kismayo akajifungua salama, na binti huyo, Safiyya, yuko nasi hapa.

Kuanzia hapo aliwaunganisha wenye maduka wa Chula, Kismayo, Mombasa na London, huyu akipokea, yule akitoa kwa simu moja, na ingawa wakala mmoja kati yao alitoroka na pesa za watu, mama alishona miaka miwili akalipa kila aliyedhulumiwa. Kadi zilipofunguliwa tena mwaka 2011 Mzamil alimsihi azirudie, mama akajibu kwa lafudhi yake ya Kibajuni, "Hizo za wachu wa mbali, wakituchoka huzifunga, hawa wetu nawajua hata mama zao." Hadi anaugua figo mwaka 2017, familia mia nne zilikuwa zikipitia kwake.

Alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2018, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Zakiya, aliyekuja kumuuguza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na wenye maduka wenzake waliofunga milango kuja kumzika. Anayemdai mama aje kwetu, ingawa tumekwisha uliza Chula, Kismayo na London, na hajatokea hata mmoja.

Mama, umefikisha amana za watu, pumzika kwa amani ya Mola wako.