Shangazi Diski, Aliyetuhamisha Kutoka Mfumo Hadi Mfumo

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika kampuni yetu ya kuchapisha vitabu vya shule, fundi mkuu wa kompyuta, ambaye sote tunamwita Shangazi Diski, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Wanaofuatilia mambo ya mashine watakumbuka kwamba mwezi huu huu ndio Windows 10 nayo imefikia mwisho wa kuhudumiwa. Wamestaafu pamoja, ila Windows 10 haikukatiwa keki.

Kamati ya sherehe imenipa heshima ya kuandika wasifu huu na kunisihi niandike kumhusu yeye, si kujihusu mimi. Nitajitahidi, lakini kuna mahali nitashindwa, mtaniwia radhi. Kwa wageni wasionijua, mimi ni mnukuzi wa ghorofa ya kwanza. Waandishi wetu hurekodi miswada yao kwa sauti, nami huisikiliza na kuichapa. Sioni tangu utotoni. Kwa hiyo historia ya kompyuta nitakayoisimulia hapa ni ile niliyoipata kwa masikio, na sidhani kama nimepunjwa.

Shangazi aliajiriwa akiwa msichana mwembamba (walioona ndio wanaosema hivyo, naye hajawahi kukanusha), mkononi ana cheti cha ufundi wa redio. Kampuni ilikuwa na kompyuta moja tu, iliyotumia mfumo wa CP/M. Ilikaa chumba cha peke yake, chenye feni na pazia zito, kama mgonjwa wa kulazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu. Shangazi aliingia navyo siku ya kwanza, akaifungua mgongo, akapuliza, na wote waliokuwamo wakatoka wanapiga chafya. Toka siku hiyo sheria ya viatu ikafa yenyewe.

Kisha ikaja DOS. Nikilitaja jina hilo moyo wangu unalainika mpaka leo. Asubuhi ulibonyeza swichi, mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, halafu diski ikaanza kukwaruza na kukoroma kama babu anayeamshwa mapema. Ukisikia mlio mmoja, umshukuru Mungu. Ukisikia mingi, umwite Shangazi. Baada ya hapo mashine ilinyamaza ikakusubiri useme unachotaka, kwa maandishi. Uliandika DIR, ikakutajia mafaili yako. Uliandika COPY, ikanakili. Ukikosea herufi ilikwambia papo hapo kwamba haikuelewi. Wenzangu walilalamika kwamba kioo ni cheusi tu, hakina kitu cha kutazama. Mimi sikuona tatizo liko wapi.

Chama cha wasioona kilinipatia kisanduku cha kusema, ukubwa wake kama mkate, na Shangazi akakiunganisha na mashine yangu. Kilisoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha mtalii aliyeteremka jana. Tulizoeana. Kwa DOS na kisanduku hicho nilichapa vitabu vya hesabu, vya sayansi, vya kilimo, na wakati mwingine niliwapita wenye macho mawili. Ndiyo kazi iliyonipa chumba changu cha kupanga na ufunguo wangu mfukoni, na mwaka mmoja baadaye ikaniwezesha kwenda kuposa bila kuinamisha kichwa.

Hapa ndipo ninapoanza kuivunja ahadi niliyoipa kamati.

Habari za Windows 95 zilitufikia kwa shangwe. Wenzangu walisimuliana mambo ya rangi, vijipicha na kipanya cha kusogeza mezani. Mhariri wa jiografia alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza alipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu. Mimi nilichosikia ni kitu kingine. Kwa miaka yote ofisi yetu ilikuwa na sauti ya kibodi, mvua ya vidole kutoka asubuhi hadi jioni, na kwa mvua hiyo nilijua nani yupo, nani amechoka, nani anajifanya anafanya kazi. Mara tu mashine za majaribio zilipowekwa, mvua ile ikaanza kukatika. Watu walinyamaza, wakabofya, wakanyamaza. Niliogopa sana.

Nilikuwa na sababu. Kisanduku changu kilijua kusoma maandishi, hakikujua kusoma picha. Mbele ya mfumo ule mpya kilitamka maneno mawili matatu kisha kikawa bubu. Meneja wa wakati huo, mtu mwema lakini mwenye haraka, alitangaza kwamba mashine zote zitahamishwa ndani ya wiki moja na DOS itafutwa kabisa. Nilipouliza habari zangu niliambiwa kwa upole kwamba nitatafutiwa nafasi ghalani, kufunga vifurushi vya vitabu. Sina dharau na kazi ya ghala. Lakini mimi ni mnukuzi, na usiku huo mke wangu alipoomba nimwambie kinachonisumbua, nilishindwa hata kulitamka neno vifurushi.

Shangazi alikwenda kwa meneja kuomba muda. Akajibiwa kwamba dunia haisubiri mtu mmoja. Alirudi chumba cha mashine, na wenzake wanasema hakugombana na yeyote. Alichukua taulo la kufutia vikombe, akafunika kioo cha kompyuta yenye mfumo mpya, akaweka kipanya ndani ya droo na kuifunga. Akaunganisha kisanduku, pamoja na programu ya majaribio aliyoipata kwa kuandika barua huku na huko, akakaa. Alisema kama yeye fundi hawezi kutoka humo ndani bila kuona, basi asimwambie mtu mwingine aingie.

Alihangaika tangu asubuhi. Alipopotea, aliandika ili asikie kama mashine bado inamfuata, na kwa kuwa alikuwa amechanganyikiwa aliandika yaliyokuwa moyoni. Katika kubonyeza huku na kule, akaituma kazi yake kwenye printa bila kujua, tena akaituma mara kadhaa. Printa yenyewe ilikuwa ile iliyounganishwa juu, ofisini kwa meneja, ambako meneja alikuwa na kikao na wauza karatasi. Mbele ya wageni wake zikaanza kutoka kurasa, moja baada ya nyingine, zimeandikwa: “Niko wapi? Nimefungua nini hapa? Sioni mlango. Jamani, kuna mtu?”

Meneja alishuka ngazi akikimbia. Alidhani kuna mfanyakazi amefungiwa ghalani. Alimkuta fundi wake ametokwa jasho mbele ya taulo, akielekeza sikio kwenye kisanduku. Hakukuwa na mtu wa kumwokoa, na wauza karatasi waliokuwa wamemfuata nyuma walibaki wamekodoa macho. Shangazi hakuomba radhi. Alisimama, akamvutia meneja kiti, akamwambia afungue faili moja tu, lolote, kisha ndipo waendelee na habari za ghala.

Meneja alikaa. Yeye mwenyewe alitusimulia baadaye, siku alipoagwa, kwamba alibonyeza kila kitu kilichobonyezeka na mwishowe akataka kulia kama mtoto aliyepotea sokoni. Alipoinuka alitoa uamuzi palepale: DOS itabaki mezani kwangu mpaka mfumo mpya utakapoweza kuzungumza nami sawasawa. Akaongeza kwamba kuanzia hapo hakuna mfumo utakaoingia katika kampuni hii kabla ya fundi kuufanyia kazi siku nzima akiwa amefunika kioo. Ndiyo siku tunayoiita Siku ya Taulo. Wafanyakazi wapya hudhani ni siku ya usafi.

Na ndipo jina la Diski lilipopatikana. Mashine yangu ilikuwa peke yake kwenye ulimwengu wa zamani, nyingine zote zimehama, na hazikuweza kuongea nayo kwa waya. Kwa hiyo Shangazi akawa yeye ndiye waya. Kila asubuhi alipanda ghorofa ya kwanza kuniletea diski yenye kazi mpya, na kila jioni alipanda tena kuchukua niliyoimaliza, akaigeuza iweze kusomeka kwenye mashine za wahariri. Hakumtuma mtu. Alipokuwa mjamzito wa kitinda mimba wake nilimsihi anitumie diski kwa tarishi, akanijibu kwamba daktari amemshauri atembee. Alifanya hivyo kwa miaka, na katika miaka hiyo yote hajawahi kuniambia “pole” wala “jitahidi”. Alikuwa akiingia, anaweka diski mkononi mwangu, ananiletea umbea wa chini, anaondoka.

Mumewe, dereva wa malori, alitushtakia mwaka mmoja katika hafla ya wafanyakazi kwamba mkewe anapika amefumba macho. Kumbe alikuwa anafanya mazoezi. Chumvi ilizidi, vidole viliungua, na watoto walijifunza kuonja kabla ya kukaa mezani.

Hatimaye zikaja programu za kusoma kioo zilizoelewa vijipicha na madirisha. Siku ya Taulo ya Windows XP ilianza saa mbili, na kabla ya chakula cha mchana Shangazi alikuwa juu kwangu, akicheka peke yake. Alinivalisha hedifoni, nikausikia ule wimbo mfupi wa kukaribisha, kisha sauti ikaniambia mahali nilipo. Niliandika sentensi yangu ya kwanza, ikasomwa. Kabla ya kuiondoa mashine ya DOS aliniachia niizime mwenyewe. Nilibonyeza swichi, feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza, na nililia. Nilikuwa nalilia vitu vya chuma, najua. Shangazi naye alikuwa anapenga kamasi, akasingizia vumbi.

Baada ya hapo tumehama mara nyingi. Tulijaribu Linux, mfumo huria usiolipiwa, na kwa msimu mzima wahariri walitembea wakijiona wataalamu. Ndio mfumo ulionipa sauti ya kwanza yenye Kiswahili cha kueleweka. Tulipigana na virusi vilivyoletwa na flashi za harusini. Tulihamia Windows 7, kisha 10, na kila mara taulo lilitangulia. Kampuni mbili jirani zimeiga utaratibu huo, na wanukuzi wenzangu wawili wasioona wameajiriwa huko. Yeye akitajiwa jambo hili hubadilisha mazungumzo.

Mwezi huu tumehamia Windows 11, na nakiri kwamba nilikuwa nikiusubiri uhamisho huu kwa hofu, maana ndio wa mwisho yeye akiwapo. Nilijiuliza atakapoondoka nitamwita nani. Siku mashine yangu ilipofikiwa, alipanda juu, akakaa nyuma yangu, akasema, “Leo mimi ni mgeni wako. Kazi ni yako.” Nikaanza. Katikati ya kazi sauti ilikatika. Kompyuta ilizimika, ikawaka upya, na hedifoni hazikutoa hata mkwaruzo. Nilisubiri mkono wake upite pembeni yangu kuelekea kibodi kama ambavyo ungepita siku zote. Haukupita. Nilisikia tu kwamba ameshikilia pumzi.

Nilitafuta vitufe mwenyewe. Nilikosea, nikarudia. Sauti ikarudi, ikaniambia mahali nilipo, nami nikaendelea hadi mwisho. Shangazi aliinuka, akanishika bega kidogo tu, akasema anashuka kula kabla vyakula havijaisha. Hakuna sherehe nyingine niliyohitaji.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wenye kuona na tusioona, tunamshukuru kwa kutohama kamwe bila kuhesabu watu wake. Tunamshukuru pia mumewe na watoto kwa kuvumilia mboga za chumvi. Pumzika, Shangazi, ulale mpaka jua likuamshe, upike macho wazi, uwe na afya na siku nyingi za furaha nyumbani kwako. Wakikuuliza mitaani habari zangu, wajibu kwamba nipo ghorofa ya kwanza, mlango uko wazi, mswada wa darasa la saba umefika nusu, na bado nina kazi.